Acheni Kuhesabu Farasi

Kuna jambo moja ambalo mhubiri wa kupinga anasa na kijana shabiki wa magari wamekubaliana bila kuulizana. Mhubiri, awe mwandishi wa safu gazetini au mzee mwenye kauli nzito pale kwa kinyozi, atakuambia kwamba gari la kasi lenye injini katikati ni ufujaji mtupu, kichezeo cha watu wa Karen na Muthaiga, na kwamba mkazi wa Kibera au Kawangware anayelizungumzia anajipotezea wakati. Kijana humwona mzee huyo amepitwa na dunia. Yeye anajua Lamborghini ipi ina farasi wangapi na Ferrari ipi inafika kilomita 100 kwa saa baada ya sekunde ngapi, na atakukariria hayo yote kwenye stagi ya 46 kabla matatu haijajaa. Watabishana mchana kutwa. Lakini wamekwisha kupatana juu ya jambo la msingi, kwamba gari la aina hiyo ni nguvu na pesa. Mmoja anazilaani, mwingine anazitamani, basi.

Wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja. Kinacholifanya gari hilo kuwa lilivyo ni mahali ulipowekwa uzito wake. Nguvu huja baadaye, na mara nyingine haiji kabisa. Bei ni habari ya mwenye duka. Na suala la uzito ukae wapi si geni Kibera wala Kawangware. Ni kazi ya kila siku huko, inayolisha watu na kuwavunja miguu.

Tuelewane kwanza kuhusu kitu chenyewe. Katika Vitz au Probox injini iko puani, juu ya magurudumu ya mbele au hata mbele yake. Katika Volkswagen Beetle za zamani iko mkiani, nyuma ya ekseli ya nyuma. Ikiwekwa kati ya ekseli mbili, nyuma ya mgongo wa dereva, ndipo tunasema iko katikati. Giaboksi hushikamana nayo hapohapo, nguvu inaingia kwenye magurudumu ya nyuma bila kupitia shafti ndefu chini ya sakafu, na pua ya gari inabaki na kazi ya kukata upepo na kubeba mkoba mmoja wa nguo.

Sasa mtazame mvuta mkokoteni anayepeleka maji Gatina au Gatwekera. Mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400 za maji, juu ya ekseli moja iliyong'olewa kwenye gari kuukuu. Haipangi ovyo. Akiizidisha nyuma, mikono ya mkokoteni inamnyanyua kutoka ardhini. Akiizidisha mbele, inamlalia. Anaisogeza mpaka mikono ielee, na kazi yake inabaki kuvuta na kuelekeza. Kisha kuna jambo la pili analolijua kuliko vitabu vingi: mzigo ukikusanyika karibu na ekseli, mkokoteni hugeuka kwa mguso. Mpakilie kilo zilezile 400 za nondo ndefu uone. Kona ileile ya jana inakuwa vita, kwa sababu mkokoteni unakataa kuanza kugeuka, na ukishaanza unakataa kuacha. Wanafizikia huuita ukaidi huo inesha ya mzunguko, nao hukua kwa mraba wa umbali: kilo iliyo mita 2 kutoka kitovu inaleta ukaidi mara nne ya kilo iliyo mita 1.

Mhandisi wa gari la injini katikati anafanya hesabu hiyohiyo. Vitu vizito garini ni vichache: injini, giaboksi, tangi la mafuta, watu. Akivileta karibu na kitovu, pua inafuata usukani papo hapo, na hilo ndilo dereva analolihisi kwanza, hata kabla hajakanyaga mafuta sana. Hatumii nguvu kuligeuza gari, analishawishi.

Hapa shabiki wa farasi ataruka. Bila nguvu, atasema, hilo ni gari la kawaida. Basi tumpeleke kwenye gereji moja Barabara ya Naivasha tumfungulie boneti ya Toyota Wish ya kizazi cha kwanza, ya lita 1.8. Iliyomo ni 1ZZ-FE, ileile ya Premio na Allion za wakati huo, na mafundi wanaijua vizuri mno, hasa zile za miaka ya mwanzo zilivyokuwa zikinywa oili. Injini hiyohiyo Toyota iliitia katikati ya MR2 ya kizazi cha tatu mwaka 1999. Lotus ya Uingereza nayo ikaichukua kwa Elise yake ya bei ya chini kuanzia 2006. Kabla ya hapo, Elise ya kwanza kabisa ya 1996 ilitumia injini ya Rover yenye farasi 118, na gari zima lilikuwa na kilo 725 hivi. Farasi 118! Kuna pikapu zinazoleta sukuma wiki soko la Kawangware zenye nguvu kupita hizo. Na gari hilo ndilo lililoinyanyua tena Lotus, si kwa kumshinda mtu kwenye barabara iliyonyooka, bali kwa namna lilivyopita kona.

Kwa hiyo tuna injini ya teksi. Iko puani mwa Wish na hakuna anayegeuza shingo. Iko nyuma ya mgongo wa dereva wa Elise na watu wanaandika vitabu. Farasi hawakubadilika. Kilichobadilika ni mahali waliposimama, na gari lililowazunguka likapungua uzito.

Honda walilisema jambo hilo kwa sauti kubwa zaidi mwaka 1990 walipotoa NSX, yenye V6 ya lita 3.0 na farasi 270 hivi. Gordon Murray, mzaliwa wa Durban, alipokuwa akibuni McLaren F1, alilichukua NSX kuwa kipimo chake cha namna gari linavyopaswa kujiendesha barabarani, wala si Ferrari ya zama zile. F1 yake ikaja na farasi 627, ikafika kilomita 386 kwa saa mwaka 1998. Leo Tesla Model S Plaid, gari la milango minne lenye uzito unaozidi tani 2, ina farasi 1,020. Kwa hesabu za stagi, McLaren F1 sasa ni kibajaji. Mbona basi hakuna mnunuzi anayeibadilisha kwa Tesla? Kwa sababu farasi wamekuwa rahisi kupatikana, na kilo bado ni ngumu kuondoa.

Nirudi kwa mhubiri, maana hoja yake ina heshima zaidi. Yeye anasema elimu hii ni ya matajiri, imetoka kwa matajiri, na itabaki kwao. Historia inamkana vibaya.

Ni kweli kampuni ya Auto Union ya Ujerumani iliweka injini nyuma ya dereva katika magari ya mbio ya miaka ya 1930, kwa fedha nyingi. Lakini mapinduzi yenyewe yaliletwa na karakana ya baba na mwana, Charles na John Cooper, pale Surbiton karibu na London. Mwaka 1946, vita vimeisha na vyuma ni vya kutafutwa, walichukua sehemu za mbele za Fiat Topolino mbili na kuziunganisha mgongo kwa mgongo ili wapate chesisi moja. Injini ilikuwa ya pikipiki, JAP ya cc 500. Waliiweka nyuma ya dereva kwa sababu ambayo fundi yeyote wa boda anaielewa bila kufundishwa: pikipiki inaendesha gurudumu la nyuma kwa cheni, na cheni fupi ni bora kuliko cheni ndefu. Hakukuwa na nadharia. Kulikuwa na cheni. Tungewakuta kando ya Barabara ya Ngong tungesema ni watu wa jua kali na kupita zetu.

Mwezi Januari 1958, katika mbio za Formula 1 huko Argentina, dereva Stirling Moss alilipeleka gari la Cooper lenye injini isiyofika lita 2 dhidi ya Ferrari na Maserati za karibu lita 2.5, zenye injini puani. Wenzake waliingia kubadilisha tairi. Cooper ilikuwa nyepesi, tairi zake zikadumu, naye akamaliza bila kusimama, nyuzi zikiwa zimeanza kuchungulia. Alishinda. Mwaka uliofuata Jack Brabham akawa bingwa wa dunia kwa Cooper, akarudia 1960. Enzo Ferrari husimuliwa kwamba alishikilia kuwa farasi huvuta rukwama, hausukumi. Kufikia 1961 alikuwa amehamisha injini zake za Formula 1 nyuma ya dereva kama wengine wote.

Na Lamborghini Miura, ile ya 1966 ambayo wengi huihesabu kuwa mama wa magari haya yote? Waliokuwa nyuma yake, Gian Paolo Dallara, Paolo Stanzani na Bob Wallace, walikuwa vijana wasiofika miaka 30. V12 ni ndefu. Ili iingie nyuma ya viti waliigeuza ikalala kwa upana, na giaboksi wakaitia ndani ya kasha moja na injini, vikishiriki oili. Wazo hilo walilipata kwenye Mini, gari dogo la 1959 lililobuniwa Uingereza baada ya mgogoro wa Suez kufanya petroli iwe haba. Gari la kubana matumizi ndilo lililolifundisha gari la kifahari. Mhubiri akitaka kukasirika, akasirikie hapo: matajiri walichukua akili ya watu wa kipato cha chini, wakaipaka rangi ya chungwa, nasi tukaamini ni yao.

Nao mpango wenyewe haujawahi kuwa ghali. Honda Acty, kipikapu cha mkulima wa Japani, kilikaa miongo kadhaa na injini isiyozidi cc 660 ikiwa mbele tu ya ekseli ya nyuma, chini ya sanduku la mizigo. Kampuni ni ileile ya NSX, na mpango ni uleule. Toyota Estima ya kizazi cha kwanza, gari la familia la 1990, injini yake ililazwa karibu kabisa chini ya sakafu ili ikae katikati. Watoto walipelekwa shule kwa magari hayo bila kelele yoyote.

Wapo pia wapinzani wa tatu, wachache lakini wenye hoja ngumu kuliko wote. Hao wanasema: nadharia nzuri, ila si kwa barabara zetu. Wanaleta Safari Rally kuwa shahidi, na shahidi huyo si wa kudharauliwa. Lancia Stratos, yenye V6 ya Ferrari Dino ya lita 2.4 nyuma ya dereva, ilikuja Kenya 1975 ikiwa tayari imewatisha watu Ulaya. Ikashindwa na Peugeot 504 ya Ove Andersson, pijo ileile iliyobeba abiria nchi nzima. Mwaka 1976 Joginder Singh akashinda kwa Mitsubishi Lancer. Mwaka 1977 Björn Waldegård akashinda kwa Ford Escort, Stratos ya Sandro Munari ikawa ya tatu. Katika miaka ya 1984 hadi 1986, wakati Lancia 037 na Peugeot 205 T16 zote zilikuwa na injini nyuma ya viti, Toyota Celica yenye injini puani ilishinda mara tatu mfululizo. Hadi leo hakuna gari la injini katikati lililowahi kushinda Safari.

Sitaficha kwamba rekodi hiyo inauma. Lakini isomeni mpaka mwisho. Mwaka ule wa 1975, katika jaribio lake la kwanza, Stratos zilimaliza nafasi ya pili na ya tatu, Munari na Waldegård, kwenye mashindano ya maelfu ya kilomita yaliyoua magari mengi zaidi kuliko yaliyofika. Mwaka 1986 Markku Alén alikuwa wa tatu kwa 037. Gari lililoshindwa na mpango wake halifiki la pili. Safari ya enzi zile ilikuwa mtihani wa springi, wa vichujio vya vumbi, wa kikosi cha mafundi kilichojipanga njiani, na wa kumjua ng'ombe atavuka wapi. Peugeot na Datsun walikuwa wameisoma kwa miaka mingi. Stratos ilichorwa kwa ajili ya njia za milimani Ulaya, umbali kati ya ekseli zake ukiwa mita 2.18 tu, fupi mno, na ufupi huo ndio uliolifanya gari liwe na wasiwasi kwenye njia ya mawe. Ufupi ulikuwa uamuzi mwingine kabisa. Injini haina hatia.

Hoja ya matuta nayo iko hivyohivyo. Ndiyo, Ferrari ikipanda tuta la Kawangware itaacha ngozi ya tumbo pale. Inaburuta kwa sababu imeshushwa, si kwa sababu injini iko katikati. Lamborghini wenyewe walitoa Huracán Sterrato, V10 nyuma ya dereva, wakaipandisha hadi milimita 171 kutoka ardhini ili iende njia za vumbi, na haikukoma kuwa gari la injini katikati.

Kuna ubaya wa kweli katika mpango huu, na ajabu ni kwamba hakuna mpinzani anayeutaja, maana kuutaja kunahitaji kufikiria uzito. Mkokoteni uliosheheni vizuri hugeuka upesi. Hiyo ina maana unapokosea pia unageuka upesi. Dereva anaingia kona kwa kasi iliyopita kiasi, anaogopa, anaondoa mguu kwenye mafuta ghafla. Uzito unakimbilia mbele. Magurudumu ya nyuma, ambayo yalikuwa yameshikwa chini na injini, yanapoteza mshiko, ilhali injini yenyewe bado inataka kwenda moja kwa moja. Mkia unapita pua. Katika gari la injini puani mzunguko huo huanza polepole, dereva akapata nafasi ya kusahihisha. Katika gari hili, inesha ikiwa ndogo, mambo yamekwisha kabla hujasema mama. Ndiyo maana dereva wake mzuri hufunga breki zake zote akiwa bado amenyooka, anaingia kona mguu ukiwa umetulia, na haongezi mafuta mpaka aone njia ya kutokea. Kompyuta za siku hizi humsitiri asiyejua haya. Hazimfundishi.

Sasa nenda ukasimame mahali boda zinapoteremka kutoka Barabara ya Kibera kuelekea mto Ngong wakati wa mvua. Injini ya Boxer au TVS imefungwa kwenye fremu katikati ya magurudumu mawili, mwendeshaji amekaa juu yake, na abiria mmoja, ambaye ndiye sheria ya Kenya inamruhusu, yuko mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Hadi hapo ni mashine iliyopangwa kwa akili. Kisha anapanda abiria wa pili, nyuma ya ekseli. Au fundi amechomelea keria ndefu, na juu yake kuna mtungi wa gesi na gunia la makaa. Uzito umevuka ekseli. Sasa gurudumu la mbele ni jepesi, na kila kitu kinachotegemea gurudumu hilo kimedhoofika pamoja: usukani unaelea, na breki ya mbele, ambayo ndiyo inayosimamisha pikipiki kweli, inakamata tairi lisilokandamiza ardhi. Mwendeshaji anajifunza kwa mwili wake kwamba breki ya mbele haifai, anabaki na ya nyuma, na siku ya hatari ya nyuma inateleza. Watu watasema alikuwa mlevi, au alikuwa na haraka. Huenda. Lakini pikipiki ilikuwa imebadilishwa mpango kwenye karakana, na hakuna aliyemwambia.

Hapo ndipo mtazamo ninaoupinga unapoacha kuwa porojo na kuanza kugharimu watu. Mhubiri amemwambia fundi kijana kwamba elimu ya magari haya si yake. Shabiki amemwambia elimu hiyo ni orodha ya farasi. Katikati ya hao wawili, fundi anayeweza kuchomelea chochote hajaulizwa hata mara moja kilo hizi zitakaa mbele au nyuma ya ekseli. Tuna vijana wanaojua mlio wa V10 na V12 kwa kusikia tu, ambao wangeshangaa ukiwaambia wamekalia jibu la swali lilelile wakielekea kazini.

Chukua Hiace. Injini yake iko chini ya viti vya mbele, nyuma kidogo ya ekseli ya mbele. Abiria wa kiti cha kati anaijua kwa joto, na fundi anaijua kwa kuinua kiti kila mara ya sevisi. Kwa kuitoa injini puani, Toyota walipata nafasi ya watu ndani ya gari fupi, na usukani usiolemewa. Ukaja msimu wa sheria za marehemu John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Februari 2004, abiria wakashushwa kutoka 18 hadi 14, mikanda ikafungwa, spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa ikawekwa. Zilikuwa sheria nzuri, nami nazitamani zirudi kwa ukali wake. Ila mjadala wote wa wakati ule ulikuwa wa idadi na kasi. Abiria wanne waliopungua walikuwa wameketi wapi? Magunia yaliyofungwa juu ya paa yalikuwa na athari gani kwenye kona? Hayo tuliwaachia madereva wayagundue wenyewe, na wengi waliyagundua kwa njia mbaya.

Mashine zinazokuja zinalileta swali hili upya. Pikipiki za umeme zinazoundwa Nairobi, kama zile za Roam, kampuni iliyoanza 2017 kwa jina la Opibus, zina betri nzito badala ya injini. Betri iliyowekwa chini kati ya magurudumu inampa mwendeshaji mpango uleule wa Boxer. Wapo watakaotaka kuongeza betri ya pili ili wafike mbali. Wataifunga wapi? Nabashiri, na ningependa nikosee: kwenye keria, nyuma ya ekseli, kwa mikanda ya mpira.

Nimemtaja Gordon Murray, na siwezi kumwacha kwenye McLaren peke yake, kwa sababu kazi yake nyingine ndiyo inayowaumbua wapinzani wangu vizuri zaidi. Kampuni yake ilibuni lori dogo liitwalo OX, wazo la Mwingereza Torquil Norman, lililokusudiwa barabara za Afrika. Linasafirishwa likiwa vipandevipande, magari sita ndani ya kontena moja la futi 40, na linabeba karibu tani 2. Dereva ameketi katikati, abiria mmoja kila upande, vilevile kama katika McLaren F1, na kwa hesabu ileile: dereva wa katikati haegemezi gari upande wowote, na gari moja linafaa nchi za usukani wa kulia na za kushoto. Baadaye toleo lake la umeme likaanza kubebea mizigo ya wakulima na wafanyabiashara Rwanda, chini ya kampuni ya OX Delivers.

Lakini tazama alichokifanya na injini ya OX ile ya kwanza. Aliiweka mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Mtu aliyejenga mojawapo ya magari makuu ya injini katikati hakuona haya kuirudisha puani, kwa kuwa lori tupu lenye magurudumu ya nyuma yanayosukuma hupoteza mshiko kwenye tope, na hili lilipaswa kutoka topeni likiwa tupu au limejaa. Hakuwa muumini wa katikati. Aliuliza uzito utakuwa wapi kazi ikianza, akajibu, akachora.

Fundi anayechomelea keria Kawangware ana nafasi ya kuuliza hivyohivyo leo. Akate urefu unaopita ekseli ya nyuma. Mtungi wa gesi aushushe ubavuni, chini, na wa pili upande wa pili ili isawazike, badala ya kuipandisha yote miwili juu ya mkia. Kisha amwambie mwenye pikipiki ajaribu breki ya mbele kwenye mteremko mfupi kabla ya kulipa.